Je, Chombo Kimoja Kinaweza Kuunganisha Mitandao Yote? Historia fupi, kutoka Matonge hadi Berlaymont

Mwaka jana, mwezi wa Februari, mmoja wetu alifiwa na bibi yake Ujiji, Kigoma. Habari ilitoka alfajiri katika kundi la ukoo la WhatsApp, na sisi wa Brussels tuliisoma kabla ya kunywa chai. Mjomba aliyeko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, ambaye anatumia Facebook tu, aliipata mchana. Shangazi aliyeolewa Muscat anazungumza na watu wake kwa imo, kwa kuwa kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiliwa huko kwa muda mrefu. Yeye aliipata kesho yake. Bibi alikuwa amezikwa siku ileile baada ya alasiri, kama ilivyo desturi. Shangazi hakulalamika kwamba hakuwahi ndege, maana ndege asingeiwahi. Alisema neno moja tu: "Mlinisahau." Hatukumsahau. Kila mmoja alidhani mwingine ameshamwambia.

Katika mkutano wa chama uliofuata tulimpa pole mwenzetu, na mazungumzo yakageukia mitandao. Tulihesabu. Sisi wanachama peke yetu, na jamaa zetu wa Bukavu, Lubumbashi, Mombasa, Unguja na Bujumbura, tunatumia mitandao tisa. Mwenzetu mmoja akasema amepata programu mpya inayoahidi kuikusanya yote mahali pamoja: kuandika mara moja, kusomwa na wote. Tukakubaliana kuijaribu kwa mwezi mzima. Mwalimu wetu aliposikia akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Kabla ya hii, zimepita ngapi, na zilikufa kwa nini?" Makala haya ndiyo jibu letu.

Barua na waya

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya mwaka 1874, barua iliyovuka mipaka ya Ulaya ilitegemea mikataba ya nchi mbili mbili, na bei yake ilibadilika kulingana na njia iliyopitia. Oktoba 1874 nchi 22, Ubelgiji ikiwa mojawapo, zilikutana Bern, Uswisi, zikakubaliana kuwa eneo moja la posta. Ndipo ulipozaliwa umoja unaoitwa leo Umoja wa Posta Duniani. Tunaomba msomaji aangalie jambo moja: hakuna aliyebuni sanduku jipya la barua. Waliokuwa na posta mikononi ndio walioketi na kukubaliana.

Simu haikufuata njia hiyo kwa wepesi. Nchini Marekani, hataza za Bell zilipomalizika mwaka 1893 na 1894, kampuni ndogo za simu zilichipuka kwa maelfu. Kampuni ya Bell ilikataa kuziunganisha na waya zake. Matokeo yake, mfanyabiashara wa mji mmoja alilazimika kuweka simu mbili mezani, moja ya Bell na moja ya kampuni nyingine, ili awapate wateja wote. Mwishoni mwa mwaka 1913, ikibanwa na serikali, kampuni mama ya Bell iliahidi kuwaruhusu wengine kutumia njia zake za masafa marefu.

Hadithi ya simu mbili wazee wetu wanaijua bila kusoma kitabu. Waliokulia Zaire wanasimulia jinsi mkubwa alivyotembea na simu mbili au tatu, kwa kuwa mteja wa kampuni moja hakuweza kumpigia wa kampuni nyingine. Somalia nayo, baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, ilikaa miaka mingi na kampuni za simu ambazo hazikuunganishwa. Kenya na Tanzania mitandao iliunganishwa, lakini kupiga kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali, na watu wakanunua laini mbili. Ndiyo maana simu za laini mbili, ambazo Tecno ilizieneza sana Afrika, zilipokewa kwa shangwe.

Hapa ndipo tulipopata tofauti ambayo imetuongoza katika makala yote. Simu ya laini mbili haiunganishi mitandao. Inaiweka mfuko mmoja. Bado una namba mbili, salio mbili na gharama mbili. Kuunganisha kwa kweli ni pale mtu wa mtandao huu anapompata mtu wa mtandao ule bila yeyote kati yao kuhama wala kufungua akaunti ya pili. Programu nyingi zilizojiita za kuunganisha zilikuwa simu za laini mbili.

Programu za mazungumzo

Mwaka 1996 ilitokea ICQ, mwaka 1997 AIM ya kampuni ya AOL, mwaka 1998 ya Yahoo, na Julai 1999 MSN Messenger ya Microsoft. Zote zilifanya kazi ileile, na hakuna iliyoongea na nyingine. Microsoft ilijaribu: MSN Messenger ilipotoka, mtumiaji wake aliweza kuwaandikia marafiki waliokuwa AIM. AOL ikaziba njia. Microsoft ikatafuta njia nyingine, AOL ikaziba tena. Walikimbizana hivyo kwa miezi, mpaka Microsoft ikakata tamaa. Kama Microsoft yenyewe ilishindwa kuingia kwa nguvu, mdogo atafanyaje?

Wadogo walijaribu vilevile. Mwaka 2000 ilitoka Trillian, iliyoweka ICQ, AIM, MSN na Yahoo katika dirisha moja. Gaim, ambayo mwaka 2007 ilibadilishwa jina ikaitwa Pidgin, ilifanya hivyohivyo bila malipo. Hapa jirani, Uholanzi, eBuddy ilianza mwaka 2003, na ilifanya kazi hata kwenye simu ndogo. Hizi zilifaa sana, lakini zilikuwa za laini mbili: ulihitaji akaunti kila mahali, na kila kampuni kubwa ilipobadilisha kitu, programu ilikatika hadi irekebishwe.

Njia ya pili ilikuwa ya heshima zaidi. Mwaka 1999 ilizaliwa Jabber, na itifaki yake, XMPP, ikakubaliwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2004. Wazo lake ni la barua pepe: kila mtu awe na mwenyeji wake, na wenyeji waongee. Google Talk ilianza mwaka 2005 kwa itifaki hiyo na mwaka 2006 ikafungua mlango kwa wengine. Mwaka 2010 Facebook nayo iliruhusu programu za nje kuingia katika mazungumzo yake kwa njia hiyohiyo. Ilionekana kwamba kazi imekwisha. Lakini mwaka 2013 Google ilileta Hangouts, na mlango kwa wengine haukuwemo tena. Mwaka 2015 Facebook ikafunga wake. Milango haikuharibika. Wenye nyumba, walipokwisha kuwa wakubwa, waliona hawana haja nayo.

Mitandao ya kijamii

Mtandao wa kijamii ni mgumu zaidi ya mazungumzo, kwa sababu ndani yake kuna picha, marafiki, maoni na matangazo ya biashara. FriendFeed, iliyoanzishwa mwaka 2007 na watu waliotoka Google, ilikusanya katika ukurasa mmoja yale ambayo rafiki yako aliyaweka sehemu mbalimbali. Watu waliipenda. Agosti 2009 Facebook iliinunua, na mwaka 2015 ikazimwa.

Power.com, kampuni iliyotokea Brazili, ilikwenda mbali zaidi: umpe nywila zako, nayo ikuingizie mitandao yako yote. Mwisho wa mwaka 2008 Facebook iliishtaki. Kesi ilichukua miaka mingi, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kampuni hiyo, baada ya kuandikiwa barua ya kuzuiwa, haikuwa na ruhusa ya kuendelea kuingia, hata kama wateja wenyewe waliiruhusu. Tulijadiliana sana juu ya hukumu hii. Mmoja wetu anasema ni haki: mgeni wa mpangaji hawezi kubomoa geti la mwenye nyumba. Wengine wawili tunauliza: mazungumzo yangu na mama yangu ni mali ya nani?

Tangu hapo mfano umejirudia. Mwaka 2012 Instagram iliacha kuonyesha picha zake ndani ya Twitter. Mwanzoni mwa 2023 Twitter ilizifungia programu za nje ambazo watu walizitumia kwa miaka mingi. Desemba 2023 Beeper ilipata njia ya kuwawezesha wenye simu za Android kutumia iMessage, na Apple ikaiziba ndani ya siku chache.

Mfano uliotushangaza kuliko yote ni wa mwenye nyumba mwenyewe. Meta inamiliki Facebook, Instagram na WhatsApp. Mwaka 2020 iliunganisha mazungumzo ya Instagram na Messenger. Desemba 2023 ikayatenganisha. Kumbe hata tajiri mmoja, mwenye funguo zote mfukoni, anaweza kuamua kwamba kuunganisha hakumfai.

Sheria iliyoandikwa mtaani kwetu

Kutoka Matonge, Ixelles, mpaka jengo la Berlaymont pale Schuman ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu. Ndani ya jengo hilo imo Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya, na huko ndiko ilikotoka hoja ya kisheria iliyo karibu zaidi na swali letu: Sheria ya Masoko ya Kidijitali, iliyopitishwa Septemba 2022. Tarehe 6 Septemba 2023 Halmashauri ilitaja kampuni sita kuwa "walinda lango": Alphabet, Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft. Masharti yakaanza kuwabana tarehe 7 Machi 2024.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinasema kwamba huduma kubwa ya mazungumzo, ikiombwa na huduma ndogo, lazima iunganishwe nayo: kwanza maandishi, picha na mafaili kati ya watu wawili, ndani ya miaka miwili makundi, ndani ya minne simu za sauti na video. WhatsApp na Messenger zimo. iMessage iliachwa nje kwa uamuzi wa Februari 2024. Novemba 2025 Meta ilitangaza kwamba huduma mbili ndogo, BirdyChat na Haiket, zimekuwa za kwanza kuunganishwa na WhatsApp barani Ulaya.

Basi imewezekana? Kwa kiasi. Tumeona mipaka mitatu.

Wa kwanza: mitandao ya kijamii yenyewe haimo. Bunge la Ulaya lilitaka iwemo, lakini katika mapatano ya Machi 2022 yakabaki mazungumzo tu. Sheria inaitaka Halmashauri, katika tathmini inayotakiwa kufikia tarehe 3 Mei 2026, iangalie kama kifungu hicho kipanuliwe.

Wa pili: si kila mdogo anataka kuunganishwa. Signal na Threema zilisema hazitaki, kwa sababu zinaogopa siri za watumiaji wao kupungua ulinzi zikipita kwa mwingine. Hili si visingizio. Ujumbe uliofungwa kwa namna mbili tofauti ni lazima ukutane mahali fulani, na hapo ndipo hatari inapokuwa.

Wa tatu ndio uliotuuma: sheria inawahusu watumiaji walio ndani ya Umoja wa Ulaya. Sisi tunaingia, Ujiji haimo, wala Kalemie, wala Muscat. Sheria iliyoandikwa mtaani kwetu inaweza kutuunganisha na jirani wa Antwerp, ambaye tungempata kwa treni, lakini si na shangazi.

Kuna jaribio jingine la Brussels linalostahili kutajwa. Aprili 2022 Msimamizi wa Ulinzi wa Data wa Ulaya alifungua EU Voice, mtandao wa taasisi za Umoja uliojengwa juu ya Mastodon, yaani juu ya itifaki ya wazi ambapo wenyeji wengi wanaongea. Ulifungwa Mei 2024, kwa kuwa hakukupatikana taasisi ya kuupokea na kuutunza. Itifaki ilikuwa nzuri. Mtunzaji ndiye aliyekosekana.

Funzo kutoka Tanzania

Tungeishia hapa tungekata tamaa. Lakini mmoja wetu alikumbusha kwamba kuna mahali ambapo jambo hili lilifanikiwa, napo si Ulaya.

Tanzania ilikuwa na M-Pesa ya Vodacom tangu mwaka 2008, kisha zikaja za Tigo, Airtel na Zantel. Kumtumia fedha mtu wa mtandao mwingine kulikuwa usumbufu: mpokeaji alipata namba ya siri, akaenda kutoa fedha kwa wakala wa mtandao wa mtumaji. Wengi waliona bora kuwa na laini tatu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuunganisha huduma zao, na mwaka 2016 Vodacom, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikaingia. Tangu hapo fedha zinatoka simu hadi simu bila kujali mtandao. Kenya ilifuata mwaka 2018.

Kwa nini ikawezekana? Tumeona sababu tatu. Kampuni zenyewe ziliketi zikaandika kanuni, Benki Kuu ikiangalia, kama nchi zilivyoketi Bern. Pili, hakuna kampuni iliyokuwa imemeza soko lote, kwa hiyo kila moja ilikuwa na wateja wa kuwapata kwa mwenzake. Tatu, kila muamala ulikuwa na ada, na ada iligawanywa. Daraja lilijilipa lenyewe. Mitandao ya kijamii haina hili la tatu. Inalipwa kwa muda tunaokaa ndani yake, na daraja ni njia ya kutokea. Mwenye duka hajengi mlango unaopeleka wateja duka la jirani, mpaka alazimishwe au aone faida.

Jaribio letu la mwezi mmoja

Sasa programu yetu. Hatutaitaja jina, kwa kuwa mwezi mmoja ni mfupi na sisi si mafundi. Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha: tangazo la usiku wa mashairi liliandikwa mara moja, likatokea sehemu tano. Wiki ya pili mtandao mmoja ulifunga akaunti ya chama kwa siku tatu, ukidhani anayeandika ni roboti. Wiki ya tatu majibu yalianza kupotea: mtu aliuliza upande mmoja, sisi tukajibu upande mwingine.

Wiki ya nne ndiyo iliyotufundisha. Mwanachama mmoja aliandika utani wa vijana kwa wenzake, ukaenda pia kwenye kundi alimo mama yake na wazee wa msikiti. Hakuna aliyekufa, lakini alikaa wiki mbili bila kwenda nyumbani kula. Hapo tulielewa kwamba kutengana kwa mitandao si ubaya mtupu. Barazani mtu hasemi anayoyasema jikoni, na mbele ya bibi (wengine kati yetu wanasema nyanya, wa Lubumbashi wanasema kambo) lugha hubadilika yenyewe. Chombo kinachounganisha kila kitu kinaondoa kuta zilizokuwa na kazi yake. Mtaka yote hukosa yote.

Jibu letu

Kwa swali la mwalimu tunajibu hivi. Zilizopita ni nyingi, na hatukuona iliyokufa kwa ubovu wa ufundi pekee. Zilizojipenyeza bila ruhusa zilizibwa au zilishtakiwa. Zilizopendwa zilinunuliwa. Zilizofunguliwa kwa hiari zilifungwa kwa hiari. Zilizodumu, kama posta na fedha za simu, zilitokana na makubaliano ya wenye mitandao, au na sheria, au vyote viwili. Kwa hiyo chombo kipya kinaweza kuiweka mitandao mfuko mmoja, na hilo lina manufaa. Kuiunganisha kwa kweli hakiwezi peke yake, hata kikiwa kizuri namna gani.

Mama wa mmoja wetu aliyefika Brussels miaka ya tisini alitukumbusha vibanda vya simu vya Matonge, na kadi za kupigia zilizobandikwa ukutani. Hakuna kadi moja iliyofaa kila nchi. Lakini mwenye kibanda alijua ipi inafaa Kongo, ipi Kenya, na ipi imeharibika wiki hii. Akija mteja kutoka kwenye msiba, alimwambia pia nani wa nyumbani kwao hajapita bado.

Tunapeleka mapendekezo mawili kwenye mkutano mkuu wa chama. La kwanza, chama kiandike barua kwa Halmashauri Kuu kuhusu tathmini ya kifungu cha 7, kwa Kiswahili na Kifaransa, na kieleze habari ya familia zilizo nusu ndani na nusu nje ya Umoja. Walimu tunaomba mtusaidie lugha ya sheria. La pili ni dogo. Kila ukoo wa mwanachama uteue mtu mmoja wa habari, mwenye orodha ya nani anapatikana wapi, na kazi yake msibani iwe kuhakikisha kila jina limewekewa alama. Mwenzetu wa Ujiji ameshaanza. Kwenye orodha yake ya majina 41, shangazi wa Muscat ni wa kwanza.